Fungu la Tatu

Mafungu yalikuwa mawili. Fundi Wepukhulu aliyapanga mwenyewe juu ya gazeti, chumbani kwake Huruma, jua likiwa bado liko juu: tembe nyeupe upande huu, tembe nyeupe upande ule. Na usimcheke. Huyu ni mtu anayekata bati la jiko kwa jicho tu na linakaa. Lakini Kigen alikohoa, wote wakainua macho, na walipoyarudisha mezani kulikuwa na fungu lingine pembeni. Dogo. Limepangwa safi kuliko yao.

"Umegawa vibaya, fundi," Kigen akasema.

"Mimi? Nani kati yetu huhesabu viazi kwa vidole?"

Wakacheka, wakazikoroga zote upya.

Ngoja kwanza ujue kwa nini wazee wawili wazima walikuwa wakigawana dawa kama watoto wanavyogawana njugu. Moyo wa Wepukhulu ulikuwa umemwangusha mwaka uliopita, nyundo mkononi, mbele ya wateja. Alipotoka wodini akaambiwa kuna hospitali mjini inayojaribu dawa mpya ya watu walioshikwa na moyo, na akitaka anaweza kujiunga. Sista Jebet wa kliniki hiyo alimweleza polepole. Nusu ya watu watapewa dawa yenyewe, nusu watapewa tembe inayofanana nayo lakini haina kitu ndani. Nani amepewa gani, hata yeye hajui, hata daktari hajui. Dawa zake za kawaida aendelee kumeza. Akichoka atoke, hakuna atakayemkasirikia. Ila tembe za mtu ni za mtu, asimpe mwingine.

Wepukhulu alikubali kwa mdomo, roho ikakataa. Ati daktari hajui? Muuza mahindi choma anajua lililoiva, na daktari na miwani yake yote hajui anachompa mgonjwa? Kila akienda kliniki alimchunguza Jebet. Mbona anatabasamu? Mbona ameandika kitu nilipokohoa? Mbona yule wa koti zuri ameingia mbele yangu? Kichwani mwake kesi ilishaamuliwa: wenye majina wanapewa dawa, wenye mikono myeusi wanapewa unga.

Kwenye benchi la kliniki ndipo alipompata Kigen, mkulima kutoka Soy, mwenye moyo mbovu kama wake na shaka kama yake. Wakaelewana haraka. Mmoja wao lazima alikuwa na dawa ya kweli, basi wachanganye, na kila mtu apate angalau nusu ya ukweli. Hesabu yao ilikuwa na tundu la kupitisha ng'ombe, lakini hawakuwa wakimuuliza mtu. Wangegawana kama watu waliochangia mbuzi. Na unajua mbuzi hugawanywa vipi ili watu wasinuniane: mmoja anageuza mgongo asione, mwingine anashika fungu na kuuliza ni la nani, aliyegeuka anamtaja mwenye fungu. Hapo hakuna upendeleo.

Siku hiyo, walipokwisha kuzigawa upya mafungu mawili, Wepukhulu akageukia ukuta.

"Hili la nani?" Kigen akauliza.

"Lako, mkulima."

"Na hili?"

"Langu."

"Na hili la nani?"

Wepukhulu akacheka. Kigen na utani wake! "La huyo anayeuliza."

Ikaja harufu: spiriti ya hospitali, na chini yake nyama iliyosahauliwa juani. Akageuka. Kigen alikuwa amesimama mlangoni, mikono yote mdomoni, mbali kabisa na meza. Lile fungu dogo lilikuwepo tena pale pembeni. Kisha, wote wawili wakiliangalia, halikuwepo.

"Fundi," Kigen akanong'ona, "mimi nimeuliza mara mbili tu."

Wewe ungetupa zile tembe chooni. Wao walizimeza. Mtu anayeamini kwamba amenyimwa dawa hatupi dawa.

Wiki hiyo, kwenye kibanda chake cha kazi, Wepukhulu alipogonga bati, kitu kiligonga nyuma yake. Yeye ta, nacho ta. Mwangwi, akajiambia, ingawa nyuma yake kulikuwa na uwanja mtupu na kuku wawili ambao hawakutaka kusogea upande huo. Kisha mchezo ukahamia kifuani, pigo lake, na baada yake pigo lingine dogo lisilo lake, kama mtu anayekufuata njiani akikanyaga palepale unapotoa mguu, na katikati ya mapigo hayo ikaanza sauti, karibu na shingo, yenye adabu kama ya karani wa benki: Hili la nani?

Nelima, mkewe, alikuwa akichambua mboga mlangoni. "Baba Simiyu, nani alikuwa anaongea huko ndani?"

"Redio."

"Redio gani? Ile uliipasua ukitafuta mahali sauti inatokea?"

Ikabidi amwambie. Nelima aliacha mboga. "Mwambie sista."

"Nimwambie nini, anitoe? Na kama hizi zangu ndizo za kweli? Hao ndio wametia kitu kwa dawa, Nelima. Wanatujaribu waone tutafanya nini."

"Sista alikwambia usigawane."

"Si ndiyo hiyo? Alijua!"

Siku chache baadaye Kigen akapiga simu. Sauti ilikuwa ndogo, kama mtu aliyejificha kwenye ghala.

"Fundi, na wewe kinakuuliza?"

"Kinauliza."

"Unajibu?"

"Hapana."

"Mimi nimechoka, ndugu yangu. Jana nikiwa shambani kimeshika pumzi yangu, kikauliza ni ya nani. Nimesema chukua, bora uniache nipumzike."

Wepukhulu alitaka kumtukana, amwambie mjinga wewe, lakini alisikia kwenye simu pumzi ya Kigen ikikwaruza, na nyuma yake pumzi nyingine, nzito, yenye afya, ikivutwa bila haraka, na kila ile ya Kigen ilivyopungua ile nyingine iliongezeka, hadi mwisho ikabaki hiyo moja ikimpumulia sikioni na simu ikakatika.

Kigen alipatikana mchana wa siku iliyofuata, ameketi katikati ya mahindi yake, jembe mapajani. Watu wote walisema ni moyo, na hawakukosea sana.

Baada ya mazishi Nelima hakuomba ruhusa. Alimshika mumewe mkono hadi dukani kwa Mzee Abdinasir, muuza vitambaa mjini, ambaye nyuma ya marobota yake huwasomea watu dua na hajitangazi. Mzee alimsikiliza hadi mwisho, akikunja kitambaa kilekile, anakikunjua, anakikunja tena.

"Mzee, kimeniibia nini?"

"Hakijakuibia. Umekipa. Na umekipa ukiwa umekigeuzia mgongo, kwa hivyo utakinyima ukiwa umekiangalia. Kikiuliza tena, geuka, kitazame usoni, useme: huna fungu hapa. Kitaondoka."

"Na nikikitazama, moyo ukikataa?"

"Hapo siwezi kukudanganya."

"Na nikinyamaza?"

"Kitauliza mpaka mtu ajibu. Sasa nisikilize vizuri. Akijibu mwingine badala yako, kitamfuata yeye. Kwa hivyo usikipeleke kwa watu."

Lakini Wepukhulu alikuwa na akili yake, ile iliyomfikisha hapo. Kama ni lazima akitazame, basi akitazamie hospitalini. Pale kuna mashine, kuna oksijeni. Moyo ukilala watauamsha.

"Umesikia alivyosema mzee?" Nelima akamuuliza.

"Nitamwambia sista atoke kwanza."

Jebet alimpokea asubuhi, kliniki ikiwa haijajaa. "Mzee Wepukhulu! Leo si siku yako."

"Nina maneno, sista. Ya siri."

"Pole kwa Kigen. Nimesikia. Aki nimelia." Na kweli macho yalikuwa mekundu. Wepukhulu, aliyekuwa amemchunguza mwanamke huyu kama mwizi, hakuwa amewahi kuona jinsi alivyo mchovu. "Kaa hapo. Ninawe mikono nikupime, halafu uniambie yote."

Akamgeuzia mgongo, akafungua maji.

Ilikuja harufu kwanza, spiriti na nyama, ikampanda Wepukhulu mgongoni kama mkono wenye maji, kisha ikaja ile pumzi nzito, na ndani ya pumzi hiyo, Mungu wangu, kulikuwa na kikohozi cha Kigen, kilekile cha siku ya mafungu, na Wepukhulu akajua kiko nyuma ya kiti chake, kwamba kazi yake ni kugeuza shingo tu na kusema maneno machache ambayo amekuwa akiyarudia tangu Huruma, na shingo ikagoma, moyo ukapiga na ule mwingine ukapiga, na sauti ya adabu ikasema juu ya kichwa chake, wazi, ya mtu kabisa:

"Na hili la nani?"

Wepukhulu alifungua mdomo. Angeweza kusema, sista, usijibu. Nafasi ilikuwepo. Aliufunga.

"Ni langu," Jebet akasema, sabuni mikononi, bila kugeuka. "Weka tu hapo."

Harufu ikakatika. Kifuani mwa Wepukhulu pigo likabaki moja, safi, peke yake. Jebet alifunga maji, akageuka akitafuta mtu.

"Nani ameingia? Nilidhani ni Kim wa maabara."

"Hakuna mtu, sista."

Akamwekea kipimo kifuani, akasikiliza, uso ukafunguka. "Mzee! Huu ni moyo wa kijana. Sijui umepewa tembe gani, lakini endelea hivyo hivyo." Akacheka, kisha mkono ukapanda wenyewe hadi kifuani mwake, ukatulia pale. "Ulikuwa na maneno gani?"

"Yameisha, sista."

Alitoka, akaufunga mlango taratibu, kama wa chumba alicholala mtoto. Alikuwa hajafika kwenye benchi alipomsikia Jebet huko ndani, peke yake, akiuliza kwa mshangao:

"Hili gani?"

Wepukhulu akakaza mwendo. Aliteremka ngazi zote bila kupumzika, na hakuumwa popote.