Gari Linalolia Kwenye Kona

Kuku wa Zeituni wanajulikana Matungu nzima. Ni kuku wa kienyeji, wanono, wanaojitafutia chakula uani. Kila Ijumaa asubuhi Zeituni huwapakia garini na kuwapeleka mjini Kakamega kwa Bwana Were, mwenye hoteli. Kazi hiyo ndiyo inayomsomeshea watoto.

Mumewe, Abu, ana wake wawili. Zeituni ni mke mkubwa. Laila ni mke mdogo, na nyumba yake iko ng'ambo ya ua. Yeye huuza ndizi. Abu huogopa sana kupendelea. Akinunua leso, hununua mbili zinazofanana. Hata magari aliwanunulia yanayofanana, madogo, makuukuu, yote meupe.

Lakini wivu haushibi. Zeituni akimsikia Laila akicheka na Abu, chai humshinda kumeza. Laila akinunuliwa hata kiberiti, Zeituni anataka chake.

Basi magari yote mawili yakaugua. La Laila lilitetemeka kila alipokanyaga mafuta, hata kwenye barabara iliyonyooka. La Zeituni halikutetemeka. Lenyewe lililia ka-ka-ka-ka kwenye kona, na kona ikiisha likanyamaza.

Abu alilipeleka la Laila gereji kwanza. Likarudi limetulia. Zeituni alimwona Laila akishuka kwa madaha, na moyo ukamchoma.

"Baba Anwar," alimwita mumewe, "huyo mwenzangu amewekewa nini?"

"Joint moja ya mbele. Ile ya ndani."

"Na mimi nataka hiyo hiyo."

"Lakini yako inalianga kwa kona tu. Pengine shida ni ingine."

"Kwani mimi si bibi yako? Yeye apate mpya, mimi nikae na ya zamani?"

Abu aliinamisha kichwa. Dini yake inamtaka awatendee wake zake sawa. Akanunua kiungo hicho kiitwacho joint, kama cha Laila, wakaenda kwa fundi.

Fundi wao ni Immaculate, binti aliyesomea magari katika chuo cha Sigalagala. Alilitazama gari la Zeituni kwa chini, akatoka akitikisa kichwa.

"Mama Anwar, ya ndani iko sawa. Imeisha ya nje. Ngoja nikuonyeshe."

"Weka kama ya Laila," Zeituni alimkata. Moyoni alisema, huyu naye yuko upande wa Laila.

"Weka tu, fundi," Abu alisihi. "Nataka amani nyumbani."

Immaculate akaweka. "Lakini ya nje msikae nayo," alisema wakiondoka. "Itawaacha njiani." Zeituni alikuwa amekwisha kufunga mlango wa gari.

Ijumaa iliyofuata gari lililia kuliko zamani. Zeituni aliongeza sauti ya redio. Alipopinda kona ya kuingia barabara ya lami, akasikia kishindo, pwa! Akakanyaga mafuta. Injini ikanguruma, lakini gari halikusogea hata kidogo. Nyuma kuku walikuwa wakipiga kelele, na huko mjini Were alikuwa akingoja. Were alikwisha kumwonya kwamba akichelewa tena atatafuta mtu mwingine.

Gari jeupe likasimama nyuma yake. Alikuwa Laila, anapeleka ndizi sokoni.

"Mama Anwar, tia kuku kwangu. Nitampelekea Were."

Zeituni aliwageukia kuku. Kuku wake, mteja wake, mkononi mwa Laila! Je, Were akimpenda? Je, Ijumaa ijayo akimwagiza yeye? Lakini hakuwa na njia. Alipakia kuku mmoja mmoja, kila mmoja akimtoa kama anayeng'oa jino. Laila akaondoka, na gari lake halikutoa hata mlio.

Alipopigiwa simu, Immaculate alikuja, akalivuta gari hadi gereji. Alifungua gurudumu, akatoa kiungo kilichovunjika. Gololi zilidondoka chini pamoja na grisi iliyojaa mchanga. Safari hii Zeituni alichuchumaa kando yake.

"Fundi, niambie tena. Siku ile sikutaka kusikia."

Immaculate alicheka. "Haya. Gari yako inavutwa na magurudumu ya mbele. Kuna chuma inatoka kwa giaboksi mpaka kwa gurudumu, huku na huku. Kila chuma iko na viungo viwili. Hii ya nje iko na gololi sita. Inakunjika sana, ndiyo gurudumu ipinde kona huku inazunguka. Kwa hivyo ikiisha, inalia kwa kona."

"Na ile ya ndani?"

"Iko na vigurudumu vitatu vidogo. Haikunjiki sana, lakini inateleza, inaingia na kutoka, gari ikipita kwa mashimo. Ikiisha, gari inatetemeka ukikanyaga mafuta. Hiyo ndiyo ilikuwa shida ya Laila."

"Nimeona lori likiwa na chuma refu chini. Nayo iko na hivi?"

"Hiyo mara nyingi ni kiungo cha msalaba. Ni ngumu, inabeba mzigo. Lakini ukiikunja sana, inazunguka kwa kushtukashtuka. Hizi zako zinazunguka kwa mwendo mmoja, hata zikiwa zimekunjika. Ndiyo usukani hauruki mikononi."

"Na kwa nini yangu imekufa?"

Immaculate alinyanyua mpira mweusi uliopasuka. "Huu ndio unafunika kiungo. Ukipasuka, grisi inaruka nje, mchanga unaingia. Ukiona grisi imerukia upande wa ndani wa gurudumu, usingoje. Kama kiungo bado ni kizima, tunasafisha, tunatia grisi mpya na mpira mpya, basi."

Zeituni alikigeuza kiungo kile mkononi. Aligundua kwamba alipigania dawa ya ugonjwa wa mtu mwingine, akauacha wake ukomae.

Jioni Laila alimletea jibu la Were. Kuku wamefika mapema, na Ijumaa ijayo anataka wengine. "Nilimwambia ni wa Mama Anwar," Laila alisema. Zeituni alishukuru, ingawa shukrani ilitoka kwa shida.

Gari lake lilipowekwa kiungo cha nje, lilipinda kona zote kimya. Were hakukosa kuku tena.

Siku moja, miezi kadhaa baadaye, Zeituni alipita karibu na gari la Laila uani. Akaona grisi nyeusi imetapakaa ndani ya gurudumu. Akasimama. Laila alikuwa akipakia ndizi huku akiimba.

Zeituni hakutaka kujidanganya. Alitamani kunyamaza. Limkwamie njiani, na yeye aonje. Alipiga hatua kadhaa kuelekea nyumbani kwake, kisha akarudi.

"Mama Yakub," alimwita Laila, "usiende na hiyo gari. Mpira umepasuka."

Laila alikunja uso. "Unataka nishinde nyumbani, wewe uende sokoni?"

 Zeituni alipiga magoti katika vumbi, akapitisha kidole ndani ya gurudumu, akamwonyesha grisi. Kisha akamweleza yote, ya gololi na ya mchanga, mpaka Laila naye akapiga magoti.

Abu aliwakuta hapo, vichwa vyao chini ya gari moja. Alipoelezwa, alitia mkono mfukoni haraka.

"Sawa, sawa. Nitanunua mipira miwili. Mmoja wa Laila, mmoja wa Zeituni."

"La," Zeituni alisema, akipangusa mikono. "Wangu ni mzima. Nunua mmoja."