Jina Lililobaki Kwenye Kompyuta

Haya yalimpata mtoto wa shoga yangu, fundi kompyuta. Aliitwa ofisi moja, kila barua inayoandikwa pale inatoka na jina la karani wao wa zamani, ambaye wenzake walimpiga kwa chuma mara ishirini mpaka akafa.

"Lifute kwenye kompyuta zote, weka majina yetu," bosi akamwambia.

Chumba hakina dirisha, giza tupu. Kila akifuta jina, nyuma yake anasikia puu! kama chuma kwenye gunia. Akigeuka, hamna mtu.

Jioni akaja kwao, nami nipo na mama yake, hata kukaa hawezi.

"Baba, vua shati," mama yake akamwambia.

Wajukuu zangu, mgongo umevilia damu! Alama kumi na tisa, nimezihesabu mwenyewe.

"Kompyuta umezimaliza?" mama yake akamwuliza.

"Imebaki moja, mama. Nimekuja nayo, iko kwenye begi."