Pumzi Ndani ya Vernis

Kwanza lilikuwa doa la ukungu tu, upana wa kiganja, katikati ya capot, ile boneti ya gari. Liévin alidhani ni unyevu. Vernis, ule mng'aro unaopuliziwa juu ya resini ili nyuzi nyeusi za kaboni zionekane, ikishika unyevu hupata weupe, naye alikuwa ameharibu capot nyingi maishani kiasi cha kulitambua mara moja doa la namna hiyo. Ila unyevu ukishaingia hautoki. Hili lilififia, capot ikang'aa tena kama ngozi ya nyoka. Kisha likarudi. Likafifia, likarudi, mithili ya mtu anayepumulia kioo, lakini kutoka upande wa ndani.

Alikuwa amejifungia kwenye kontena anamokaushia kazi zake kwa taa za joto. Humo mlango hufungwa na mianya yote huzibwa kwa utepe, maana vumbi jekundu la Lubumbashi halijui kubisha hodi. Liévin, aliyejifunza ufundi huu Ndola na kufukuzwa kazi Durban, na kusimulia yote mawili kwa fahari ileile, alitaka kujicheka. Ndipo harufu ikamfika puani, ikipenya hata mask: kafuri na mentoli. Marhamu ya Bwalya.

Bwalya, mstaafu wa reli, aliishi ng'ambo ya ukuta na pumu yake. Kila jioni mkewe alimpaka marhamu ile kifuani, na kila jioni Liévin aliigiza kikohozi chake hadi uwanja mzima ukavunjika mbavu. Mchana huu walikuwa wamempitisha hapo nje wakienda kumzika. Redio zote za mtaa wa Makomeno zilizimwa. Wauza makaa walisimama, wenye pikipiki wakashuka. Compresseur ya Liévin peke yake, mashine ya kusukuma hewa ya kupulizia vernis, pale getini, iliendelea kunguruma.

Alibandua utepe, akavuta mlango. Haukusogea. Akavuta tena kwa mikono miwili.

"Chilufya," alimwita dada yake, mwenzake wa kazi, kwa sauti ya chini kama aliyeko kanisani. "Mulango inakatala."

Chilufya alivuta kutoka nje mpaka akachoka. Kisha akaweka mdomo kwenye mwanya, akamwita kaka yake.

"Yaya, wakati balipita na mufu, ulizimaka compresseur?"

"Vernis ilikuwa nusu. Ningesimama, ingeacha alama."

"Basi ulimuvuta," Chilufya alinong'ona. "Ile mashini inavuta hewa ya njia. Ulimuvuta, ukamupuliza pa capot."

Nyuma ya Liévin kitu kilianza kukoroma, chembamba, kama filimbi iliyoziba, na kila kilipovuta pumzi hewa ya kontena ilipungua, taa zikawaka zaidi ingawa hakuna aliyezigusa, jasho likamwingia machoni, kuta za bati zikabonyea ndani na kurudi, ndani na kurudi, mpaka hakujua tena kama aliyefungwa ni yeye ndani ya kontena au Bwalya ndani ya vernis, akaivua mask na kuitupa, akaachama kama samaki, asipate kitu.

Chilufya alikimbia matangani. Aliporudi alikuwa na mjane mwenyewe, Mama Marie-Thérèse, ambaye hakuja na dawa wala rozari.

"Liévin, mwana wangu," sauti yake ilipita mwanyani, imechoka kwa kilio. "Baba yako Bwalya hana hasira. Anakosa tu fasi ya kupita. Mutoshe mule."

Liévin akaelewa kwamba amtoe mle, akachukua msasa, akakwangua palepale penye doa. Nje Chilufya alimsihi avae mask. Hakusikia. Alisugua, na unga mweupe ukapanda ukimfunika uso, ukimwingia puani, mdomoni, kooni, harufu ya kafuri ikizidi, mkoromo ukizidi, hadi msasa ulipogusa resini na mkoromo ukakatika katikati ya pumzi. Mlango ukafunguka wenyewe, taratibu.

Uwanja ulikuwa umejaa watu wa matanga. Liévin alitoka akiyumba, mweupe kama mwoka mikate, akamwendea mjane ampe pole aliyomnyima mchana. Akafungua kinywa.

Kikatoka kikohozi. Kilekile, chenye filimbi mwishoni.

Mtu mmoja alicheka, kwa mazoea. Wengine wakafuata, huku wakiona haya: huyu Liévin, hata leo. Alitikisa kichwa, akashika koo, akajaribu kusema hapana. Akakohoa tena. Wakazidi kucheka.

Mama Marie-Thérèse hakucheka. Alifungua fundo la kitenge chake, akatoa kopo dogo la marhamu.

"Fungua shati, Bwalya," alisema kwa upole. "Jioni imefika."

Na vidole vya Liévin, bila yeye kuviamuru, vikaanza kufungua vifungo.