Ndege ya Jumamosi

Issack alikuwa ameinua katoni yenye ameandika MR. HALVORSEN na maka peni wakati msichana mmoja alitoka kwa ule mlango wa kioo wa 1E, mahali abiria wanatokea uwanja wa ndege wa Nairobi, akasukuma kitoroli chake mpaka mbele ya Issack, akasimama.

"Ni mimi," akasema.

Issack akamwangalia kutoka juu mpaka chini. Gauni la rangi ya haradali limefika kwa kifundo cha mguu, raba nyeupe, nywele imesukwa laini ikafungwa nyuma. Halafu hicho Kiswahili. Kilikuwa na milima yote ya Gusii ndani.

"Halvorsen ni mwanaume," Issack akasema. "Mzungu. Ana ndevu."

"Nilinyoa kwa ndege."

"Na hiyo rangi?"

"Jua ya Doha."

Issack alicheka mpaka katoni ikaanguka. Msichana naye hakucheka. Alikuwa anaangalia nyuma ya bega lake, mahali wanaume watatu walikuwa wanamngoja wakionyesha funguo za gari.

"Hao watu wa teksi wamenifuata," akasema polepole. "Mmoja ananiita madam, mwingine ananiita dada, na huyo wa tatu alikuwa ameshika sanduku yangu tayari. Nikaona wewe uko na kibao. Nikasema wacha nikuwe wa mtu kidogo."

Jina lake lilikuwa Kemuma. Alikuwa ametandika vitanda vya hoteli Doha miaka miwili, na huu uwanja wa ndege hakuujua kabisa. Siku ya kuondoka walikuwa wasichana ishirini, tisheti moja, laini moja, wakala ameshika pasipoti zote kama mwalimu na vitabu vya darasa. Sasa amerudi likizo pekee yake na hajui hata mlango wa kutokea.

"Na watu wenu?"

"Leo ni Sabato. Baba ni mzee wa kanisa la Wasabato huko Nyacheki, Kisii. Ndugu yangu Masese anakaa hapa Embakasi na ako na gari, lakini hawezi washa mpaka jua izame. Ameniambia nimngoje kwa benchi."

Issack akaangalia saa. Ilikuwa saa nane na nusu mchana. Yeye alikuwa wa Kisii mjini, mama yake anauza vitambaa karibu na msikiti, na kazi yake ilikuwa kufunga vinyago vya mawe ya Tabaka kwa maboksi na kuvileta huku vipakiwe kwa ndege ya mizigo. Huu uwanja aliujua kama choo cha kwao. Na Halvorsen, mnunuzi wake, alikuwa ametuma ujumbe saa hiyo hiyo kwamba amekwama Istanbul mpaka kesho.

"Sheria ya kwanza," akasema, akishika kitoroli. "Ukitoka hapo usisimame. Mtu akikuuliza unaenda wapi, mwambie nimefika."

Akamnunulia laini ya simu kwa kibanda. Akamwonyesha mahali pa kulipia paking kabla ya kufika kwa gari, maana watu wengi hukumbuka wakiwa kwa geti na magari kumi yanawapigia honi. Akamwingiza kwa Probox yenye vumbi ya mawe meupe, wakapanda barabara ya juu, na Nairobi ikaanza kuinuka mbele yao ghorofa kwa ghorofa. Kemuma alishusha kioo. Akahesabu ghorofa kwa Ekegusii, Issack akimsaidia, mpaka wakafika mjini, mbele ya sahani ya chipsi.

"Wewe Mwislamu unaongea Ekegusii kunishinda."

"Nilizaliwa Kisii. Wewe ulizaliwa wapi, Norwe?"

Saa kumi na mbili alimrudisha uwanjani, akamkalisha kwa benchi, akampa sanduku aikumbatie.

"Sasa weka sura ya kuteseka. Masese akikuja mwambie, nimekaa hapa masaa manne na njaa."

"Na hii chipsi imenijaza mpaka hapa?"

"Ndio maana nimekwambia sura. Inama kidogo. Haya. Hapo umekuwa yatima kamili."

Masese alimkuta hivyo. Alimhurumia mpaka akamnunulia soda.

*

Likizo ilipoisha Kemuma alirudi kazini, na Doha na Kisii ni simu tu.

"Halvo," Issack alikuwa anasema. Hilo ndilo lilibaki jina la Kemuma.

"Sema, kipenzi."

"Umekula?"

"Nimekula. Wewe?"

"Nimekula ndizi ya soko ya Daraja Mbili. Imeniuliza wewe uko wapi."

"Iambie natandika kitanda ya mtu hatalala hapo hata masaa mawili."

Mwaka uliofuata likizo ilipotoka, Kemuma alitafuta ndege ya Jumamosi yenye inashuka mchana. Kulikuwa na ya Jumatano, bei nafuu. Akaiacha. Issack alimngojea na katoni imeandikwa BALOZI WA NYACHEKI, wakapata masaa yao manne, na jioni yatima akarudi kwa benchi.

Siku hiyo ndani ya gari Issack aliacha utani.

"Nataka kuja kwenu. Na mama yangu, na wajomba, tuongee na mzee."

Kemuma alizungusha pete ya plastiki kwa kidole. "Baba ataniuliza kitu moja tu. Watoto watasali siku gani."

"Si tutamjibu."

"Wewe ndio utajibu? Nitamwambia mwenyewe. Nipe mpaka nirudi tena."

Akampa. Lakini kila wiki alikuwa anauliza, na kila wiki jibu lilikuwa linazunguka, mpaka mwezi wa mwisho kabla ya likizo.

"Umemwambia?"

"Nimemwambia Loice." Loice alikuwa dada yake mkubwa. "Loice anajua kuongea na baba. Wacha amlainishe kwanza."

Kemuma alikuwa amesema Loice. Issack akasikia baba. Mtu akitaka kitu sana masikio yake huwa na haraka. Ijumaa hiyo alichukua katoni mpya, akanunua maka peni mpya, akaandika pole pole, herufi kubwa zenye zinasomeka hata ukiwa huko ndani kwa foleni ya pasipoti: BIBI YA ISSACK.

*

Jumamosi ya tatu ya Kemuma kushuka, saa nane, uwanja ulikuwa umejaa. Kulikuwa na kwaya ya kanisa moja wanangoja pasta wao, na watu wa hoteli na vibao vyao vya heshima. Issack alivaa shati jeupe lenye limepigwa pasi mpaka likasimama lenyewe. Mzee mmoja akakuja kusimama karibu naye. Suti ya kahawia ya zamani, tai, kitabu cha nyimbo za kanisa kwa mfuko. Viatu vilikuwa vyekundu kwa vumbi.

"Kijana, wale wa Doha wanatokea hapa?"

"Hapa hapa, mzee."

"Nimetumwa kule 1A, wakanirudisha. Nikaingia mahali pa mizigo, nikafukuzwa na askari. Hii nyumba ina milango kama mzinga." Akapanguza uso na kitambaa. "Na nimetoka Embakasi na miguu."

"Na miguu? Hiyo ni saa nzima na zaidi. Matatu zilikuwa zimeisha?"

"Leo ni Sabato. Sipandi gari. Lakini miguu ni yangu." Akasoma katoni ya Issack kwa sauti, polepole, kama mtu anasoma tangazo la kanisa. "Bibi ya Issack. Issack ndio wewe?"

"Ndio mimi."

"Wa Nairobi?"

"Wa Kisii mjini. Mama anauza vitambaa karibu na msikiti."

"Mama Issack? Huyo namjua. Alinikatia vitambaa ya sare ya wasichana wangu, na pesa ilipopungua akaniambia nenda tu, watoto wasome." Mzee akatabasamu. "Mungu amlete bibi yako salama."

Halafu akatoa karatasi kwa mfuko wa koti, akaikunjua, akaishika kwa kifua vile ameona wengine wanafanya. Ilikuwa imeandikwa na kalamu ya wino: KEMUMA.

Issack alihisi shati limekuwa dogo.

"Mimi naitwa Nyangau," mzee akaendelea. "Mtoto wangu, kila akirudi ndege inamshusha siku ya Sabato. Anakaa kwa hiyo benchi masaa manne na njaa. Loice ndio aliniambia. Alikuwa ananiambia mambo mingi, eti huyo mtoto yuko pekee yake huko, eti anahitaji mtu, mimi nikasikia tu hiyo ya benchi. Sikulala. Nikakuja kwa Masese jana kabla jua izame, ili leo nitembee. Mtoto hawezi shuka kwa nchi yake akose mtu."

Masaa manne na njaa. Maneno ya Issack mwenyewe, yamezunguka mpaka Nyacheki yakarudi na viatu vya vumbi. Akageuza katoni, maandishi yakaangalia kifua chake.

Mlango ukafunguka. Kemuma alikuwa na gauni la kijani lenye mikono mirefu, na midomo imepakwa rangi, kitu hakuwahi kufanya. Alikuwa anacheka tayari, anatafuta katoni. Akamwona Issack. Halafu akamwona baba yake, ile karatasi, vile viatu, na kicheko kikakatika.

"Tata," akasema.

Mzee alimshika kichwa na mikono miwili. Halafu akamgeuza kwa Issack.

"Huyu kijana ndio amenielekeza hapa. Ni mtoto wa ile mama wa vitambaa. Mnajuana?"

Kemuma aliangalia viatu vya baba yake. Akapanguza midomo na nyuma ya mkono, rangi ikabaki kwa shavu.

"Hapana, tata. Simjui."

Issack akashika mkono wa sanduku.

"Mimi ni mtu wa teksi," akasema. "Madam, sanduku ni nzito. Mzee, kama hampandi gari ni sawa, mimi nitaleta mzigo jua ikizama. Nielekezeni tu."

Mzee alipima Sabato na uzito wa sanduku, akakubali, akamwelekeza nyumba ya Masese. Wakaondoka, baba na binti, pembeni ya barabara ya vumbi, Kemuma na raba zake nyeupe. Hakugeuka nyuma. Issack alikaa kwa Probox na sanduku yake masaa manne. Hakula kitu.

*

Jua lilipozama alisimamisha gari nje ya nyumba ya Masese. Kemuma alitoka kuchukua sanduku, mzee nyuma yake na tochi ya simu. Mzee alikuwa na malengelenge, anatembea polepole na pembeni ya mguu.

"Asante," Kemuma akasema.

"Karibu, madam."

"Issack," akanong'ona, "sikuweza. Ametembea..."

"Nilimwona."

Mzee akafika. "Ni pesa ngapi, kijana?"

"Ni bure, mzee."

"Hapana. Wewe ni mtu wa teksi, hii ni kazi yako. Mama yako alinisaidia tayari, sitakula jasho lake mara mbili." Akatoa elfu moja iliyokunjwa. Issack akamwangalia Kemuma. Kemuma aliangalia sanduku. Issack akanyoosha mkono, akapokea, kama mtu wa teksi.

"Na yule bibi yako?" mzee akauliza. "Alishuka?"

Ndani ya nyumba mtu alikuwa anakaanga vitunguu.

"Hakushuka, mzee. Alibadilisha ndege."

"Pole sana. Nitakuombea ashuke." Akamgeukia binti yake. "Na wewe umwombee. Ni mtu mzuri."

"Nitamwombea, tata," Kemuma akasema.

Katoni Issack hakuitupa. Ilikuwa bado nzuri, na wiki mbili baadaye aliandika jina la mnunuzi mwingine upande wa pili. Mwaka uliofuata Loice alimpigia simu, akamwambia asije uwanjani Jumamosi. Kemuma ameshuka tayari. Alichukua ile ya Jumatano, nyumba nzima ikakuja kumpokea na gari.