Mfarishi wa Popo

Kila Ijumaa, nyumba ya akina Dainess ilinukia makande. Mama yao, Melania, aliyabandika jikoni tangu mchana, mahindi na maharage pamoja, kama ilivyo desturi ya kwao Suji, katika milima ya Upare. Familia hiyo ilikuwa ya Wasabato. Jua la Ijumaa likishazama, jiko halikuwashwa tena mpaka jioni ya Jumamosi.

Hata hivyo, Suji ilikuwa mbali. Mwaka huo, 1998, walikuwa wakiishi Guangzhou, nchini China, ambako baba yao, Nikodemu, alikuwa akisomea shahada ya udaktari katika elimu ya udongo. Walikaa ghorofa ya tano katika nyumba za chuo kikuu. Juu yao palikuwa na paa la zege ambapo majirani wote walianika nguo zao kwenye mianzi.

Dainess, aliyekuwa na miaka kumi na miwili, ndiye aliyekuwa msimamizi wa Ijumaa. Alipiga viatu rangi, akajaza chupa za chai maji ya moto, kisha akafungua daftari lake la kanuni za Sabato. Zilikuwa kumi na nne, kila moja na namba yake.

"Bibi yako alikufundisha tano tu," Mama alisema huku akikoroga makande. "Hizi tisa umezitoa wapi?"

"Nimeziongeza, Mama, ili tusikosee."

Mdogo wake, Jonas, mwenye miaka minane, alikuwa akipiga mluzi mlangoni.

"Jonas! Kanuni ya tisa!"

"Jua bado halijazama, dada! Naumaliza mluzi wangu wa wiki nzima."

Siku iliyofuata ilianza na jua zuri la Desemba. Familia ilisali pamoja na wanafunzi wachache kutoka Afrika, wakala makande yaliyohifadhiwa kwenye sufuria iliyofunikwa blanketi. Baadaye Baba na Mama walikwenda hospitali kumtazama Domina, mwanafunzi Mkenya aliyekuwa amepasuliwa kidole tumbo.

Mara tu walipoondoka, jirani yao wa mlango wa pili alichungulia. Watoto walimwita Popo, yaani bibi kwa lugha ya Kikantoni. Walikuwa wamejifunza lugha hiyo shuleni na uani. Popo alikuwa mjane, tena magoti yalimsumbua sana.

"Nakwenda kwa binti yangu, nitarudi jioni," alisema. "Mfarishi wangu uko juu unaota jua. Nimeupandisha mwenyewe, ngazi moja, pumzi mbili!"

Alicheka, akashuka taratibu huku ameshika ukuta. Watoto waliujua mfarishi huo. Ulikuwa mzito, umejazwa pamba, wenye maua mekundu. Nyumba za Guangzhou hazikuwa na moto wa kupasha joto, na Popo hakuwa na kitu kingine cha kujifunika wakati wa baridi.

Ilipofika saa tisa, upepo wa baridi ulivuma kutoka kaskazini. Wingu jeusi likatanda juu ya chuo. Jonas alikimbilia dirishani.

"Dada, mvua! Mfarishi wa Popo!"

Dainess alikuwa ameshainuka. Kisha akasimama ghafla, kama mtu aliyekumbuka kitu.

"Kanuni ya tano," alisema polepole. "Kuanika na kuanua ni kazi."

"Lakini utalowa!"

"Najua. Ila leo ni Sabato."

Jonas aliwaza. "Je, tukienda kutembea tu huko juu, halafu mfarishi ukatufuata?"

"Mifarishi haifuati watu, Jonas."

"Basi wewe kaa, niende mimi. Mimi sina daftari."

Dainess alimshika mkono. "Hatuendi. Mungu anatuona."

Matone ya kwanza yalipiga kioo, kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Dainess alianza kuimba wimbo wa Sabato kwa sauti kubwa. Jonas hakuitikia. Wimbo wa kwanza ulipokwisha akaanza wa pili, lakini mvua bado ilisikika, na kadiri alivyopaza sauti ndivyo alivyozidi kuona moyoni kwamba anaimba ili asiisikie.

Popo alirudi mapema kwa sababu ya mvua hiyo. Walimsikia akipanda hadi juu, kisha wakasikia kishindo kizito kikishuka: pwaa, pwaa, pwaa. Dainess alifungua mlango. Popo alikuwa akiuburuta mfarishi ngazi kwa ngazi, maji yakitiririka nyuma yake.

"Mvua ya Desemba haina adabu," Popo alisema akihema. Alipomwona Dainess alishangaa. "Kumbe mlikuwepo?"

"Tulikuwepo, Popo. Ila... leo ni siku ya Mungu wetu. Haturuhusiwi kufanya kazi."

"Aa," Popo aliitikia kwa upole. "Sikujua kwamba Mungu wenu hapendi mifarishi."

Hakusema kwa hasira. Akafunga mlango wake, na ngazi zikabaki na michirizi ya maji.

"Anaipenda!" Jonas aliuambia mlango uliofungwa. "Mungu anaipenda mifarishi!" Kisha akamgeukia dada yake, macho yamejaa machozi. "Mwambie, dada. Mwambie anaipenda."

Dainess alimvuta ndani taratibu.

Saa kumi na moja kasoro, wazazi walirudi wamelowa. Mama alimkumbatia Dainess, na Dainess akasikia harufu ya sabuni mikononi mwake.

"Mama, umefua nguo?"

"Nimefua, mwanangu. Hospitali ile ndugu ndio wanaomwogesha mgonjwa na kumletea maji ya moto. Domina hana ndugu hapa. Nimemwogesha, nikafua gauni lake na shuka. Baba yako kapanda na ndoo ghorofa nne, mara sita."

"Mara saba," alisema Baba akijinyoosha mgongo. "Mgongo wangu umehesabu."

"Lakini leo ni Sabato! Kanuni ya tatu..." Sauti ya Dainess ilikatika, akaanza kulia. Akawaeleza yote: wingu, nyimbo, mfarishi, na neno la Popo. Jonas alisimama karibu naye, na safari hii hakufanya mzaha.

Baba hakumkemea. Alivua viatu vyake polepole, akavipanga ukutani, ndipo akaketi.

"Dainess, unamkumbuka yule ndama wa bibi aliyetumbukia mferejini?"

Dainess alifuta machozi. Nani angesahau? Ilikuwa Sabato asubuhi, kabla hawajaja China. Bibi alikuwa amevaa gauni lake jeupe, yuko njiani kwenda kanisani. Aliposikia ndama akilia aliingia mferejini na gauni lile lile, akamshika miguu, akamvuta. Alifika kanisani akiwa na tope hadi kiunoni, akaketi kiti cha mbele.

"Je, bibi alivunja Sabato?" Baba aliuliza.

"Hapana."

"Kwa nini?"

"Ndama angekufa, Baba."

"Na aliyekufundisha kanuni zile tano ni nani?"

"Ni bibi huyo huyo," Dainess alinong'ona.

"Hata Bwana Yesu aliwauliza watu swali kama hilo, kuhusu ng'ombe aliyetumbukia kisimani siku ya Sabato. Wakakosa jibu." Baba alitazama saa ya ukutani. "Sasa ni saa kumi na moja. Jua litazama saa kumi na mbili kasoro robo. Kama unataka kungoja, unaweza kungoja. Sitakulazimisha."

Dainess alitazama saa. Kisha akatazama michirizi ya maji kule nje ya mlango. Usiku ungekuwa wa baridi kali. Pamba haikauki kwa dakika arobaini na tano, na Popo hakuwa na mfarishi mwingine.

"Sitaki kungoja," alisema.

Alikwenda kitandani kwake, akakunja mfarishi wake mwenyewe, akaukumbatia na kwenda kugonga mlango wa pili.

"Popo, nisamehe. Ningeweza kuuanua mfarishi wako, sikuuanua. Lala na huu wangu."

"Hapana, hapana, mtoto. Utajifunika nini?"

"Nitalala na Jonas."

"Hapana."

"Ananipiga mateke, lakini nitalala naye."

Popo alikataa mara tatu, kama ilivyo adabu ya kwao. Dainess alisihi mara nne. Popo akacheka, akafungua mlango wote.

Familia nzima iliingia. Baba na Jonas waliushika mfarishi uliolowa, huyu upande huu na yule upande ule, wakausokota hadi maji yakamwagika beseni tatu. Jonas aliteleza na kuketi ndani ya beseni, Popo akacheka mpaka akashika magoti yake. Mama aliuviringisha ndani ya mataulo makavu, Dainess akafuta ngazi zote kwa tambara, kutoka paani hadi mlangoni. Kisha wakautandaza mbele ya hita ndogo ya umeme waliyoitoa chumbani kwao.

Mama alileta makande. Popo alichungulia bakuli. "Mahindi? Nilipokuwa mtoto kijijini tuliwapa kuku!" Akala kwanza kwa adabu, kisha kwa njaa, akaomba bakuli la pili.

"Sasa Mungu wenu amekasirika?" aliuliza akitabasamu.

Wote walimtazama Baba. Alijibu kwa Kikantoni chake cha kusitasita.

"Hapana, Popo. Alitupa siku hii kwa sababu anatupenda, ili tupumzike, na mwenzetu naye apumzike." Kisha akamgeukia Dainess na kuendelea kwa Kiswahili. "Kanuni ni kama ua wa shamba, mwanangu. Ua ni mzuri, nami sitaki uung'oe. Lakini umewekwa kwa ajili ya shamba, na shamba letu ni upendo. Jirani akilia upande wa pili, ruka. Mwenye shamba hatakugombeza."

Dainess alitikisa kichwa kukubali. Alipoinua macho kutazama saa, ilikuwa saa kumi na mbili na robo. Sabato ilikuwa imekwisha, na kwa mara ya kwanza hakuwa ameona ikipita.

Kesho yake jua liliwaka tena. Dainess na Jonas waliketi juu ya paa kuulinda mfarishi wenye maua mekundu, daftari likiwa magotini. Dainess alikuwa amefuta kanuni tisa, akabakiza tano za bibi.

"Ya mluzi imefutwa?" Jonas aliuliza.

"Imefutwa. Ila siku ya Sabato, piga wimbo mzuri."

Jonas akakunja midomo, akaanza.