Mama Pacha na Mashine Zisizogawanyika

Kila asubuhi Mama Pacha huanzia kazi katika chumba cha giza. Huchukua tochi, humulika mayai moja baada ya jingine, na kuangalia kama kuna uhai ndani. Yai lenye mishipa myembamba myekundu hurudi kwenye trei. Yai lisilo na kitu huwekwa pembeni.

"Hili limo," huwaambia wafanyakazi wawili wanaomsaidia. "Hili lilikuja kutembea tu."

Hiyo ndiyo kazi yake, kutotolesha vifaranga. Wafugaji wa mtaa ule na mitaa ya mbali huchukua vifaranga kwake. Walianza yeye na mumewe, Baba Pacha, na kasha moja la umeme lililowekwa sebuleni, pacha wao walipokuwa wakitambaa. Siku hizi pacha ni wasichana wakubwa wanaogombania kioo, na nyuma ya nyumba pana jengo la kazi lenye mashine mbili kubwa. Ya kwanza ni ya kuatamia. Mayai hukaa humo kwa joto na kugeuzwageuzwa. Siku chache za mwisho huhamishiwa mashine ya pili, ya kutotolea, na humo ndimo vifaranga huvunja ganda. Moja bila ya nyingine ni kabati tu linalokula umeme.

Kazi ile ilizaa mali. Walijenga nyumba wanayoishi. Walijenga safu ya nyumba za kupangisha karibu na soko. Walinunua lori. Na hati zote zina jina la Baba Pacha peke yake. Hakukuwa na ujanja wowote. Baba Pacha ndiye aliyekuwa akienda maofisini, kwa sababu Mama Pacha hakuweza kuziacha mashine. Mashine hazijui Jumapili wala mgonjwa.

Asubuhi moja Baba Pacha alisimama mlangoni mwa chumba cha giza. Hakuingia.

"Mama Pacha, nimefikiri sana," alisema. "Mimi na wewe tumefika mwisho. Nataka talaka."

Neno hilo halikumshangaza sana. Walikuwa wakilala vyumba mbalimbali kwa muda mrefu, na mazungumzo yao yalibaki kuwa ya mayai na umeme. Lililomshtua ni lile lililofuata.

"Utachukua vitu vyako," Baba Pacha aliendelea. "Na sitaki useme nimekutupa. Nitakupa na mashine moja ukaanzie maisha."

"Mashine ipi?"

"Yoyote. Chagua mwenyewe."

Ndipo Mama Pacha alipoona kwamba mtu huyu, baada ya miaka yote ile, hakuwa akijua mashine zake zinavyofanya kazi. Aliliweka yai chini kabla halijamponyoka.

Tangu siku hiyo chakula hakikumshuka. Gari likisimama nje, alikimbilia dirishani. Alijiuliza maswali yaleyale akifagia, akipika, akiwasuka pacha nywele. Nitalala wapi? Watoto nitawapeleka wapi? Nani atanisikiliza, nami sina hata karatasi moja yenye jina langu?

Kisha akaja mtu wa shati jeupe. Alifuatana na Baba Pacha, wakazunguka uwanja wote. Yule mtu aligonga kuta kwa kidole. Alifungua bomba, akafunga. Alimkuta Mama Pacha akianika trei zilizooshwa, akamwuliza kwa upole, kama mtu anayesema na mtunza nyumba, "Mama, hapa maji hayakatikikatiki?"

"Kwa nini unauliza, baba?"

"Mnunuzi lazima ajue mapema."

Nyumba ilikuwa inauzwa naye yumo ndani, anaanika trei.

Alimpigia simu kaka yake, fundi wa kuchomelea vyuma. Kaka alikuwa mtu wa moyo mwema na mikono myepesi, lakini kufikiri alikuachia wengine.

"Dada, usikae ukilia," kaka alisema. "Watakuja watu wa mahakama wabebe kila kitu. Tuwahi sisi. Tuhamishe mashine kwangu. Wakija wakute hewa."

"Na mayai yaliyomo?"

"Mayai si mayai tu? Tutapata mengine."

Mama Pacha alijua kwamba jambo hilo ni baya. Alilijua kuliko mtu yeyote katika mtaa ule. Lakini hofu ilikuwa imemshika, na mtu mwenye hofu husikiliza anayesema kwa sauti kubwa. Siku Baba Pacha alipokwenda na lori kununua mayai kwa wafugaji wa mbali, kaka alifika na gari la kukodi na wabeba mizigo wawili. Walizima mashine ya kuatamia. Walitoa trei, wakazipanga sakafuni. Kaka alikata nyaya.

Mashine ilikuwa imefika getini, nusu ndani nusu nje, jirani wa nyumba ya mbele alipovuka barabara kuja kununua mayai ya kula. Jirani huyo ni wakili. Alikuwa na kapu mkononi na kandambili miguuni, maana ilikuwa siku yake ya mapumziko.

"Mnahama, Mama Pacha?" aliuliza.

Mama Pacha alifungua mdomo ajibu, badala yake akaangua kilio. Alisema yote palepale getini: talaka, mtu wa shati jeupe, hati zisizo na jina lake. Wabeba mizigo walitazama pembeni kwa heshima. Kaka alijifanya anakagua tairi.

"Njoo tukae," wakili alisema. Wakakaa kwenye ngazi ya jengo la kazi. "Kwanza nikuambie ukweli. Siwezi kuwa wakili wako. Nilimwandikia Baba Pacha mkataba aliponunua lile lori, nami ni jirani wa nyote wawili. Nitakupa namba ya simu ya wakili mwenzangu. Lakini haya ya kawaida nitakueleza, kwa sababu naona unataka kujipalia makaa."

"Nisipochukua, nitaachwa mikono mitupu."

"Nani kasema?"

"Kila kitu kina jina lake."

"Sikiliza, dada. Jina kwenye hati ni jambo kubwa, lakini si jambo la mwisho. Katika nchi nyingi sheria huuliza zaidi ya hapo. Mali hii ilipatikana lini, kabla ya ndoa au ndani ya ndoa? Ilipatikana kwa jasho la nani? Na jasho si fedha tu. Nani alikuwa na mashine usiku na mchana?"

"Mimi."

"Nani alilea watoto, mwenzake akaweza kusafiri?"

"Mimi."

"Basi hayo nayo huhesabika. Huo ni mchango. Kuna nchi zinazoanzia nusu kwa nusu, na kuna nchi zinazopima mchango wa kila mmoja. Wakili wako atakwambia sheria ya hapa inavyosema. Lakini habari ya kuondoka na nguo zako tu, hiyo ni ya vijiweni."

Mama Pacha alifuta uso kwa kanga. "Na lile shamba aliloachiwa na marehemu baba yake? Hata hilo tutagawana?"

Wakili alitabasamu. "Naona hofu inaanza kutoka, tamaa inaingia. Hapana. Alichorithi mtu, au alichokuwa nacho kabla ya ndoa, mara nyingi hubaki chake, isipokuwa mwenzake awe amekiendeleza. Wewe ulilima huko?"

"Sijawahi hata kupakanyaga."

"Basi mwachie. Na jambo jingine ambalo watu hulisahau, madeni nayo hugawanywa. Mlikopa benki kununua mashine?"

"Tulikopa. Bado tunalipa."

"Huo mkopo nao utakuwa mezani."

"Lakini nyumba anaiuza, wakili. Mnunuzi amekwisha kuja."

"Nyumba ambayo familia inaishi haiuzwi hivihivi. Mahali pengi mume hawezi kuiuza bila ridhaa ya mke, wala mke bila ridhaa ya mume. Kesho nendeni ofisi ya ardhi, wewe na huyo mwenzangu. Mtaweka zuio kwenye hati ya nyumba, isiuzwe. Atakayetaka kununua ataliona, atarudi alikotoka. Nawe usitie sahihi kitu chochote ambacho wakili wako hajakisoma, hata ukiambiwa ni cha mtoto shuleni."

Kaka alikohoa. "Sasa hii mashine, wakili? Tupakie au tushushe?"

"Irudisheni ndani. Dada, ukificha mali ya ndoa, mahakama inaweza kukuona huaminiki, na hata haki yako ukapunguziwa. Wewe fundi unamsaidia dada yako apoteze."

Kaka aliwaita wabeba mizigo. Alishika upande wake wa mashine.

Kuzirudisha zile nyaya kulichukua sehemu kubwa ya mchana. Mama Pacha aliyagusa mayai sakafuni, akayakuta baridi kama mawe ya mtoni. Vifaranga walipotimiza siku zao, wengi hawakutoka. Mama Pacha alimwendea kila mfugaji aliyekuwa ameagiza, akaomba radhi, bila kusingizia umeme. Hilo lilimuuma kuliko talaka yenyewe.

Baba Pacha aliporudi na kuona, alisema maneno machache tu. "Umeharibu mali. Hakimu atalisikia hili."

Hofu ikarudi upya. Sasa ilikuwa hofu ya mtu mwenye kosa.

Wakili mpya alikuwa mwanamama mkavu asiyependa maneno mengi. Waliweka zuio, na mtu wa shati jeupe hakuonekana tena. Kisha alimweleza Mama Pacha kwamba kuvunja ndoa ni jambo moja, na kugawa mali ni jambo jingine. Kwanza waliitwa kwenye usuluhishi, wakaulizwa kama ndoa inaweza kupona. Wote wawili walijibu hapana, na baadaye mahakama ikaivunja ndoa. Waliafikiana jambo moja bila ugomvi, kwamba pacha wakae na mama yao na baba achangie matumizi yao. Baadaye kila mmoja alitakiwa ataje mali zote na madeni yote bila kuficha. Mthamini akaja kupima thamani ya kila kitu. Baba Pacha alikuwa ameliandikisha lori kwa jina la mdogo wake mara tu alipoamua kuacha ndoa. Lilirudishwa hesabuni.

"Na mimi habari ya mashine?" Mama Pacha aliuliza. "Tunyamaze?"

"Tutaisema sisi kabla yake," wakili mkavu alijibu.

Siku ya kusikilizwa, Mama Pacha alisimama chini ya ngazi za mahakama. Kaka yake alimshika kiwiko. Ndani, alisimama akasema alivyoizima mashine, na kwamba hasara ile ihesabiwe upande wake. Hakupunguza kitu. Wafugaji wawili walitoa ushahidi kwamba miaka yote mtu waliyemkuta na mashine ni yeye.

Baba Pacha alipoulizwa anataka mgawanyo gani, alisema, "Mashine ziko mbili, mheshimiwa. Kila mtu achukue moja."

Hakimu alimtazama. "Ukichukua ya kuatamia, vifaranga watatokea wapi?"

Baba Pacha alifikiri. "Humohumo," alisema, bila uhakika.

"Na joto la siku za mwisho huwa kama la siku za mwanzo?"

Baba Pacha alimgeukia Mama Pacha, kama alivyozoea kumgeukia miaka yote mteja anapouliza swali gumu. Safari hii Mama Pacha hakumjibia. Kila mtu chumbani alielewa mchango wa nani ulikuwa wapi.

Hakimu aliamua kwamba biashara isikatwe vipande, kwa sababu ikikatwa inakufa na wote wawili wanapoteza. Mama Pacha alipewa jengo la kazi, mashine zote mbili, na nyumba ya kuishi. Mkopo wa mashine nao ukawa wake. Baba Pacha alipewa nyumba za kupangisha na lori, na shamba la baba yake likabaki lake. Thamani ya mayai yaliyokufa ilikatwa kwenye fungu la Mama Pacha. Hakulalamika.

Hakutoka mahakamani akicheka. Alitoka akiwa amechoka, na deni la benki lilikuwa likimsubiri. Aliogopa kuendesha kila kitu peke yake. Mwezi wa kwanza aliogopa kila kukicha. Mwezi wa pili aliogopa mara chache. Akajifunza njia ya benki na ya ofisi ya ardhi, akakuta ni milango ya kawaida tu.

Asubuhi moja lori lilisimama nje. Hakukimbilia dirishani. Mtu alisimama nje ya geti, akasema kwa sauti ya chini, "Hodi."

Alikuwa Baba Pacha, amebeba trei za mayai ya wafugaji wa mbali, anatafuta mnunuzi.

"Karibu," Mama Pacha alisema. Akawasha tochi, akaanza kuyamulika moja moja, huku mwenye mayai akisubiri bei.