Maji ya Bahari katika Pipa la Kulsumbai

Mastura alikuwa akifua nguo nyumbani kwa Kulsumbai, pale Ngamiani. Kisima cha uani kilichimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, kwa hiyo maji yake yalijaa chokaa. Sabuni haikutoa povu, iligandaganda kama maziwa yaliyokatika. Ndiyo sababu mzee Dharsi, mume wa Kulsumbai, alinunua pipa la kulainishia maji. Ndani mna chenga za kunasa chokaa. Zikishajaa, huoshwa kwa maji ya chumvi, zikaanza kazi upya.

Kazi ya kuziosha alipewa Miraji, mume wa Mastura. Miraji aliona taabu kukoroga chumvi.

"Bahari iko hapo," alisema. "Chumvi imekwisha kuyeyuka yenyewe."

Akawa anapakia madebe mawili ya maji ya bahari kwenye baiskeli. Akifika anayamwaga yote pipani kwa mpigo mmoja, basi.

Jumatatu Kulsumbai alishika shuka iliyofuliwa. Ilikuwa ngumu, rangi ya majivu.

"Mastura, hii shuka au turubai?"

"Nimeifua kwa mikono yangu hii, Bibi."

"Alhamisi wageni wa harusi wanalala hapa. Zikibaki hivi, kazi nampa dobi wa barabara ya kumi na mbili."

Mastura alitoka hapo moja kwa moja mpaka kwa jirani yake Ernesti, fundi wa mabomba. Kesho yake asubuhi Ernesti akaja. Aliposikia habari ya madebe, alicheka mpaka akaweka spana chini.

"Miraji, bahari nayo ina chokaa yake. Unaitoa huku, unairudisha huku."

"Si ina chumvi?" Miraji alibisha.

"Chumvi yake nyepesi. Tena unamwaga kama unazima moto. Shemeji, sikiliza wewe, huyu mwache."

Kwanza alipitisha maji ya kisima pipani kutoka chini kwenda juu, mpaka uchafu ukaisha. Kisha wakayeyusha chumvi safi ya dukani, ratili nne kwa kila debe la maji, wakachuja kwa kitambaa. Madebe mawili yalitosha. Wakayatia juu, bomba la chini wakalifungua kidogo tu, maji yakatoka kama uzi.

"Mbona polepole hivyo?" Mastura aliuliza.

"Chenga zinataka muda wa kuachia chokaa. Ukiharakisha, chumvi inapita bure."

Baada ya dakika arobaini walisuuza kwa maji ya kisima, mpaka ulimi haukusikia chumvi tena. Ernesti akatia maji ya pipa na sabuni kidogo katika chupa, akatikisa. Povu likasimama.

"Jaribu hivi kila siku ya kufua," alisema. "Povu likigoma, ndipo utie chumvi. Kabla ya hapo ni hasara."

Jumatano Kulsumbai alizipitia shuka zilizofuliwa upya, moja moja. Zilikuwa laini, nyeupe. Aliingia ndani, akarudi na nguo za bibi harusi.

"Na hizi ufue wewe," alisema.

Tangu hapo pipa likawa mkononi mwa Mastura. Miraji aliuliza sasa yeye kazi yake ipi.

Mastura akampa debe na mwiko. "Koroga."